Swali la Kumtafuta Hajer

Ukiingia mtaa wa wachimbaji wa makaa kule Ruda, Silesia, ule wa nyumba za matofali zenye fremu nyekundu madirishani, ukaulizia kwa Urszula Gawlik, watu watakuuliza kwanza: "Yule anayetafuta njiwa kwa kompyuta?" Ukisema ndiye, watacheka, watakuonyesha mlango, halafu wataanza kukusimulia habari za njiwa wao waliopotea. Jitayarishe tu. Utachelewa huko unakokwenda.

Ula, kama wote walivyomwita, au Ulka kwa baba yake, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwenye sauti kubwa na miguu isiyotulia. Siku za kazi alipanda tramu hadi Katowice, kwenye kampuni iliyouza vipuri vya mashine za migodini, na huko aliandika programu kwa lugha ya Perl. Aliipenda Perl bila haya, jinsi mtu anavyoipenda timu yake ya mpira hata msimu inaposhindwa. Mwenzake wa meza ya pili, Tymon, aliyeajiriwa juzi tu na lugha yake mpya ya Java, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Dada Ula, hiyo maiti hujaizika bado?"

"Maiti hii ndiyo inayoleta mshahara wako, Tymon. Ipe heshima."

"Nikiusoma msimbo wako naona kama paka kapita juu ya kibodi."

"Na mimi nikiusoma wako naona hotuba ya meya. Ndefu, na mwisho wake hakuna lililosemwa. Haya, lete kahawa."

Akirudi nyumbani alivua viatu na kuanza kazi ya pili, ile isiyo na mshahara. Chama cha wafuga njiwa wa wilaya kilikuwa na ukurasa wake kwenye mtandao, na ukurasa ule ulikuwa wa Ula tangu mstari wa kwanza. Njiwa wa mashindano akipotea njiani akatua kwa mtu, mtu huyo aliingia ukurasani na kuandika alichokiona. Mwenye njiwa naye aliingia kwa mlango wa pili, akaandika anayemtafuta. Katikati ilikaa kanzidata, yaani ghala la taarifa zote hizo, na programu ya Ula iliyokwenda ghalani kuuliza.

Alifanya yote hayo kwa ajili ya baba yake, ingawa ungemuuliza angekana.

Ginter Gawlik alikuwa ametumikia miaka yake yote chini ya ardhi akichimba makaa, na alipostaafu alipanda juu, juu kabisa, hadi kwenye banda la njiwa alilolijenga nyuma ya nyumba na kulipaka rangi ya kijani na nyeupe. Vumbi la makaa lilikuwa limemkaa kifuani hata akashindwa kupiga mluzi wa kuwaita ndege. Badala yake alitikisa kopo la bati lenye njegere kavu. Mtaa mzima uliujua mlio ule. Tangu mkewe Hildegarda afariki, mzee alizungumza na njiwa kuliko binadamu, na Ula alizoea kusikia habari muhimu za nyumba yao kupitia ngazi ya banda, zikielezwa njiwa kwanza.

Dume wake bora aliitwa Hajer, jina la heshima la mchimbaji stadi, yule anayesimama mbele kabisa kwenye mwamba. Hajer alirushwa kwa mtindo wa ujane: kabla ya mashindano dume hutengwa na jike wake, huonyeshwa tu kwa muda mfupi, moyo umwake, kisha hutiwa kapuni na kupelekwa mbali. Anaporuka kurudi, harudi kwa ajili ya nafaka. Hajer alikuwa akirudi kwa ajili ya Trudka, jike mdogo mwenye shingo ya zambarau na hasira za karibu.

Mwezi Mei mwaka ule, mwaka wa kura ya kujiunga na Umoja wa Ulaya, waliwarusha njiwa kutoka Ujerumani. Milimani wakakutana na dhoruba. Wengine walirudi wamelowa na kuchakaa. Hajer hakurudi. Ginter alisimama uani na kopo lake siku baada ya siku, shingo imepinda kuangalia mawingu, na ndani ya banda Trudka akakaa kwenye kiota kitupu akimdonoa kila dume aliyesogea.

Juni ilipoingia, mzee akatamka lake mezani, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Jumapili ijayo Rufin wa chama anakuja na gari. Anachukua wote."

"Wote nani?"

"Njiwa wote. Na makapu, na saa ya mashindano. Nimechoka, Ulka. Ngazi inanishinda, na Hajer aliyekuwa akinipandisha hayupo."

Ula aliweka uma chini. Alimkumbuka Teofil wa nyumba ya pembeni, aliyeuza njiwa wake msimu wa vuli, akahamia kwenye kiti cha dirishani, na kufika Pasaka alikuwa amezikwa. Ugonjwa wake haukuwa na jina. Hakuwa tu na sababu ya kushuka ngazi asubuhi. Ula aliogopa, akaogopa hasa, na alipoogopa ilikuwa desturi yake kukasirika.

"Umemtafuta kwenye ukurasa?"

"Kila siku! Mashine yako ni kipofu. Nayaandika yote, inanijibu hakuna. Hebu tazama."

Akakaa mbele ya kompyuta na kuandika kwa kidole kimoja. Namba ya pete ya mguuni, rangi, jinsia, rangi ya jicho, umri. Visanduku vyote vya fomu vikajaa, hata kile cha umbo la pua ambacho Ula alikiweka kwa mzaha. Mfuga njiwa haachi kisanduku kitupu. Akiacha, wenzake watasema hamjui ndege wake. Jibu likaja: hakuna.

Ula akamwondoa kitini, akafungua msimbo wake wa zamani, na uso ukamwaka. Swali alilokuwa ameliandika miaka ile lilikuwa moja tu, gumu kama tofali: nipe njiwa ambaye pete yake ni hii, na rangi yake ni hii, na jinsia yake ni hii, na, na, na. Anayemtafuta akijaza vingi, ghala linatakiwa kukubaliana naye kwa vyote. Mama wa shambani aliyeokota njiwa barabarani atajua wapi rangi ya jicho?

"Baba, mimi ni mjinga!"

"Sikubishii," alisema Ginter. "Kula kwanza."

Hakula. Alilivunja tofali. Sasa swali lingejengwa upya kila mara kutokana na kile mtu anachokijua. Programu ingeanza na orodha tupu. Mtu kaandika rangi? Ongeza kipande cha rangi. Kaandika mahali? Ongeza cha mahali. Hakuandika? Pita, usiulize. Mwisho vipande vinaunganishwa, swali linakwenda. Na katika kila kipande, pale linapotakiwa neno la mtu, Ula aliweka alama ya kuuliza tu, na neno lenyewe likasafiri pembeni kwenye mfuko wake. Maneno ya watu hayabandikwi moja kwa moja ndani ya swali, kwani huko mtandaoni wapo wenye nia mbaya wanaoweza kuliandikia ghala amri badala ya jina la njiwa. Perl iliyafanya haya kwa mistari michache, na Ula alicheka peke yake kila mstari ulipokaa sawa. Tymon angekuwapo, Ula angemwambia neno!

"Njoo ujaribu, baba!"

Ginter akaja, akavaa miwani, na kabla ya kuandika lolote akabonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Skrini ikafurika. Njiwa juu ya njiwa, kutoka Gdańsk, kutoka Moravia, wa mwaka huu na wa miaka iliyopita, mistari ikashuka bila mwisho.

"Yesu na Maria!" mzee alishika kifua. "Wote hawa wangu?"

"Usiguse! Usiguse kitu!"

"Nitawaweka wapi, Ulka? Banda halitoshi!"

Ula alicheka hadi akakaa sakafuni. Hujajaza chochote, hakuna kipande, hakuna sharti, na ghala likiulizwa bila sharti hutoa kila lilicho nacho. Kila anayejenga maswali namna hii huangukia hapo siku moja, na hushukuru ikiwa alikuwa anauliza tu, hakuwa anafuta wala kubadilisha. Akaongeza mlinzi: orodha ikiwa tupu, swali lisiende.

Wakajaribu tena. Mzee akajaza visanduku vyote tena.

Hakuna.

"Baba, umejaza kila kitu tena! Nimekuambia acha usivyo na hakika navyo."

"Nina hakika na vyote! Nimemlea tangu yai!"

"Toa hata namba ya pete."

Ginter alimtazama kana kwamba amemwambia avue suruali kanisani. "Nitoe namba? Namba ndiyo jina lake la ubatizo. Njiwa bila namba ni kitoweo."

Zikapita siku za kazi. Ula alikwenda na kurudi na tramu, kichwa kikizunguka, hata Tymon akaacha kumchokoza na kumletea kahawa bila kuombwa. Makapu atakayoyachukua Rufin yalikuwa tayari yamepangwa uani yakisubiri Jumapili, na Ula alipita kando yake kila jioni bila kuyatazama. Siku ya Boże Ciało, sikukuu ya Mwili wa Kristo, maandamano ya Ekaristi yalipokwisha na mtaa ukinuka rolada za nyama na kabichi nyekundu, Rufin Kubica mwenyewe akaja kula chakula cha mchana. Alikuwa mwenyekiti wa chama, mchimbaji wa zamani pia, mpana wa mabega, na kompyuta aliiita sanduku la uvivu.

"Kuna mtu kanipigia simu wiki hii," alisema Rufin akimwagia mchuzi kluski zake, yale madonge ya viazi. "Kaokota njiwa, ananisomea namba. Nikamwambia mama, namba hiyo haipo. Anasema ipo, imeandikwa kwenye mpira. Mpira! Alikuwa akinisomea kipete cha mpira cha mashindano, tunachowavisha mguu wa pili siku ya kuwapeleka tu. Pete yenyewe wala hakuiona."

"Watu wa nje wataona nini?" alisema Ginter kwa uchungu. "Wanaona mpira mwekundu kwa vile unang'aa. Pete ya bati haiwahusu."

Ula alisimama na uma mkononi, kipande cha nyama bado kikining'inia.

"Baba. Rudia."

"Nirudie nini?"

"Watu wa nje wataona nini! Namba wataisoma ya mguu mwingine. Kwa hiyo namba yako ndiyo inayomfukuza Hajer! Kila ukiiandika, unamfungia mlango!"

Rufin alisukuma sahani yake pembeni.

"Mjomba Rufin, sogea. Baba, njoo. Usiniambie namba. Usiniambie jicho. Niambie, mtu asiyejua njiwa kabisa, akiishi na Hajer nyumba moja, ataona nini?"

Ginter aliduwaa. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifumba macho.

"Ataona kijivu," alisema kwa kujilazimisha, maana kwake Hajer hakuwa kijivu, alikuwa wa buluu mwenye madoa, na kusema kijivu kulimuuma. "Ana unyoya mmoja mweupe bawani. Na…" Akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu Mei. "Na akisikia kopo linatikiswa anakuja hata akiwa usingizini. Atakutua kichwani."

"Kopo," alisema Ula, na vidole vikaanza kukimbia.

Aliongeza kipande kipya, kinachopekua maelezo ambayo watu waliandika kwa maneno yao. Ukiandika kopo, programu ingetafuta kopo au mkebe au debe, kwani nani ajuaye mtu ameita nini? Mara ya kwanza alisahau kuzungusha mabano kwenye zile "au", zikajitoa kwenye swali na kuleta hata bata wa mwaka juzi aliyeokotwa ndani ya debe. Rufin akaangua kicheko. Ula akapiga mabano, akapiga meza, akabonyeza.

Mstari mmoja.

Ula aliusoma kwa sauti. "Karibu na Kłodzko. Jinsia, jike—"

"Jike!" alinguruma Ginter.

"Kaandika jike kwa sababu ni mpole, baba, subiri! Rangi, kijivu. Namba, hii ni ya mpira, tazama. Maelezo: Ameumia bawa kwenye dhoruba, sasa amepona. Ana unyoya mweupe. Hapendi mkate. Mimi ni mpishi wa shule, na nilipotikisa kopo la njegere za supu aliingia dirishani akanitua begani. Watoto wamempa jina Supu. Mwenyewe ajitokeze tafadhali, namwona kama anangoja mtu."

Ginter alishika ukingo wa meza. Machozi yalimtoka bila kujificha, na katikati ya machozi akafoka, "Supu! Hajer wangu wamemwita Supu!"

Alipiga simu mwenyewe. Mpishi aliitwa Klementyna, na alikuwa na sauti kubwa kama ya Ula, hivyo wote chumbani walimsikia.

"Tazama mguu wa pili, mama yangu," Ginter alimsihi. "Ule usio na mpira. Kuna pete ya bati. Nisomee."

Mbawa zikapigapiga, kopo likatikisika, kisha mama yule akasoma. Ginter aliitamka namba pamoja naye, tarakimu kwa tarakimu, hadi mwisho. Ula akachukua simu.

"Nitakuja kumchukua kwa treni, mama."

"Thubutu!" Mzee alimpokonya simu. "Hakuondoka hapa kwa treni. Bi Klementyna, bawa lake linafunguka lote? Anapanda juu ya paa mwenyewe? Basi Jumapili, baada ya misa ya kwanza, kukiwa kweupe, mfungulie. Ajue mwenyewe."

"Na akipotea tena?" aliuliza Ula kwa mnong'ono.

"Akipotea tena, Rufin yupo na gari," alisema Ginter. Na hapo Ula akatambua kuwa jambo halijaisha, wala hofu yake.

Jumapili Rufin alikuja mapema mno, kama wafanyavyo watu wasiopenda kazi waliyoitiwa. Alianza na madume wachanga, akiwatia kapuni polepole. Kila kapu lilipofungwa Ula alitazama juu. Ginter alisimama uani na kopo lake. Jua lilipanda. Kengele ya misa ya pili ikalia. Ndani ya banda alibaki Trudka peke yake, akigoma kutoka, akimdonoa Rufin vidole.

"Mke wa mtu mkali huyu," alisema Rufin, mkono mdomoni. "Ginter, nifanyeje?"

"Mwache kidogo."

"Nimemwacha saa nzima, ndugu yangu."

"Mwache, nakuambia!"

Ula ndiye aliyeona kwanza: doa juu ya bomba la moshi la mgodi uliofungwa, likizunguka, likishuka, likizunguka tena. Alipiga ukelele hadi majirani wakafungua madirisha. Njiwa alikata kona juu ya nyumba za matofali na kutua kwenye ukingo wa paa, na hapo akakaa. Akajitengeneza manyoya. Akatazama mbele, nyuma.

"Ingia," alinong'ona Rufin, na kapu likamdondoka. "Ingia, mshenzi wee, ingia!"

Ginter aliinua kopo. Alilitikisa mara moja tu, njegere zikalia. Hajer akageuza kichwa. Kisha akaanguka kutoka paani moja kwa moja hadi mlangoni mwa banda, akapita bila kumtazama mtu, na ndani mkasikika Trudka akimkaripia kwa yote aliyomtenda tangu Mei.

Mzee alipanda ngazi. Aliipanda yote, akihema, bila kusimama, akashuka na ule mpira mwekundu kiganjani. Akaiomba saa ya mashindano kutoka garini kwa Rufin, ile inayopiga muhuri wa muda njiwa anaporudi, akautia mpira ndani, akazungusha ufunguo, na saa ikagonga muhuri wake.

"Ginter," alisema Rufin akijifuta macho, "mashindano yalikwisha mwezi uliopita."

"Kwako wewe. Fungua makapu, warudi kwao."

Walipomaliza waliingia ndani, wote watatu, na Ula akafungua kanzidata ili kuandika kwamba Hajer amerudi. Neno hilo alitaka baba yake alitume mwenyewe. Akaandika amri, akaweka sharti: badilisha hali iwe amerudi, pale tu pete inapokuwa hii. Akalitazama sharti lile mara ya pili, kwani likikosekana, njiwa wote waliopotea Silesia nzima wangeandikwa kuwa wamerudi kwa mguso mmoja wa kitufe. Rufin, ambaye njiwa wake jike alipotea mwaka juzi na hajamtaja tangu hapo, alikuwa amesimama nyuma yake akisoma skrini kimyakimya. Kwa muda mfupi sana Ula alitamani kulifuta sharti.

Hakulifuta. "Bonyeza, baba," alisema. Ginter akabonyeza kwa kidole chake kimoja, na Ula akahama kiti.

"Mjomba Rufin, kaa hapa. Niambie mtu asiyejua njiwa angeona nini."